Tulimpa Mgeni Jua

Kwetu, mwezi wa sita, jua halichezewi. Nyumba yetu iko kwenye mteremko juu ya Iyunga, na asubuhi za majira hayo sakitu hulala juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagika. Hakuna anayeshika jembe kabla hajaota jua. Watu hutoka na mablanketi yao, hujipanga kwenye ukuta wa mashariki ambako upepo haufiki, na kila mtu ana mahali pake. Mahali pazuri kuliko pote ni katikati, karibu na mlango. Hapo hukaa baba. Akija mgeni, baba husogea, na heshima hiyo ni kubwa kuliko kuchinjiwa kuku. Kosa kubwa ambalo mtoto anaweza kulifanya ni kusimama mbele ya watu wanaoota jua akawazibia. Mimi nilichapwa kwa kosa hilo kabla sijajua kusoma.

Naeleza haya mapema ili isije ikadhaniwa kwamba nyumbani tulimchoma mwalimu wangu kwa makusudi. Tulimchoma kwa adabu.

Nilikuwa darasa la tisa, shule ya bweni ya misheni, Iringa. Nilirudi likizo kwa basi, siku nzima ya vumbi, na nilipofika baba akaniuliza habari za Iringa. Nikasema, "Nzuri." Akauliza chakula cha huko. Nikasema, "Kizuri." Akauliza masomo. Nikasema, "Mazuri." Akanitazama kidogo, akaenda kutazama ng'ombe, ambao nadhani walimweleza mambo mengi zaidi.

Siku ya tatu, tukiwa tunakula, akatangaza kwamba shule ikifunguliwa sitarudi.

Hakusema kwa ukali. Baba ni mzee wa kanisa, watu humletea magomvi yao ya mipaka na ya ndoa, na huwa anatoa hukumu kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. "Tulipompeleka darasa la kwanza alikuwa anaongea kidogo," alimwambia mama. "Alipofika la nne akapunguza. Sasa amesoma miaka tisa, anatoa neno moja moja kama mtu anayeng'olewa meno. Wakimfikisha la kumi na mbili si watatuletea bubu?"

"Wamemjaza maandishi mpaka maneno yamekosa pa kupita," alisema shangazi.

Shangazi ni dada yake baba, mjane, anaishi nasi. Ndiye anayesema mambo ambayo baba anayafikiri, na mara nyingine huyasema kabla baba hajayafikiri.

Mimi nilitazama sahani yangu. Nilikuwa na majibu mengi, na mazuri, lakini yote yalinijia nikiwa nyuma ya nyumba, nimekaa peke yangu juu ya kuni, machozi yakinitoka. Kukaa kwangu kimya mezani kulikuwa ushahidi wa mwisho wa upande wa baba.

Mtu mwenye haya hana ulimi lakini ana kalamu. Nilimwandikia mwalimu wangu wa hesabu na afya, ambaye nilijua angekuja Mbeya likizo hiyo hiyo kwa wenzake wa misheni, kupanda milima. Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Sehemu kubwa ilihusu baridi, viazi, na afya ya ndama wetu, ili isionekane kwamba naomba kitu. Katikati niliweka mstari mmoja: Baba amesema sirudi tena shule.

Mwalimu alikuwa Mzungu, mwanamke kijana bado, mwenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi na ngozi nyembamba mno. Kule shuleni hakuvuka uwanja bila chapeo yake pana ya majani, na puani alijipaka dawa nyeupe nzito aliyoikamua kutoka katika mrija, hata wasichana wa bwenini kwetu wakasema anaficha kovu. Yeye mwenyewe alitufundisha, katika somo la afya, jinsi ya kumsaidia mtu aliyeunguzwa na jua. Akae kivulini. Awekewe vitambaa vya maji baridi. Anywe maji mengi. Malengelenge yasitumbuliwe. Asipakwe mafuta wala samli, maana hufungia moto ndani. Tuliyaandika hayo kama tulivyoandika habari za theluji na mamba wa Misri, yaani kwa ajili ya mtihani tu. Nani ataunguzwa na jua? Niliyakariri vizuri, nikapata alama tisini.

Alifika kwetu asubuhi, saa tatu hivi, akipanda kwa miguu kutoka barabara kuu. Hakuwa na chapeo. Alieleza huku akicheka kwamba upepo wa Makambako uliibeba akiwa juu ya lori, na dereva akakataa kusimama. Puani pia hakuwa na dawa. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameipaka, kisha akainawa kwenye kijito cha chini, kwa sababu hakutaka kumwomba mzazi wa mtu jambo zito akiwa amepakwa chokaa usoni.

"Kamwene," alisema, akiinamisha kichwa. Ni salamu ya kwao Wahehe, aliyojifunza Iringa. Kwetu haina mwenyewe, lakini wote waliitikia.

Baba akanyanyuka mahali pake. Akaagiza kiti chenye mgongo, kile cha mchungaji, kiwekwe pale pale katikati ya ukuta. Ukuta wenyewe tulikuwa tumeusiliba upya kwa udongo mweupe, uking'aa hata macho yakauma. "Karibu, Mwalimu," akasema. "Uote jua. Kwetu ni baridi."

Mwalimu alitazama kiti. Akatazama mti wa parachichi pale upande wa pili wa ua, wenye kivuli kizuri kisichokuwa na mtu. Kisha akasema, "Asante sana, Mzee," akakaa, uso wake ukielekea jua barabara.

Kumbe kabla ya kuja kwetu aliwauliza wenzake wa misheni adabu za kutembelea watu wa milimani. Walimwambia mambo mawili: usikatae unachopewa, na usikimbilie shabaha ya safari yako. Aliyashika yote mawili.

Kwa hiyo walizungumza mvua. Walizungumza bei ya pareto. Baba aliuliza kama kwao kuna ng'ombe, akaambiwa wapo, akauliza kama wana nundu, akaambiwa hawana, akasikitika. Muda huo wote mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, natazama pua yake. Saa nne pua ilikuwa kama kidole kilichobanwa na mlango. Nikajua. Katika nyumba nzima, nilikuwa mtu pekee aliyejua, pamoja na mwenye pua.

Nilitunga sentensi. "Mwalimu, labda usogee kivulini." Niliirudia nyuma ya mlango mara nyingi, na kila nilipoirudia ilizidi kuwa tusi. Ilikuwa na maana ya kumwambia baba, mbele ya mgeni, kwamba mahali alipompa hapafai. Basi nikaamua kutenda badala ya kusema. Nilitoka na birika, nikamimina chai polepole sana, nikiwa nimesimama mbele yake hivi kwamba kivuli changu kikamfunika uso. Niliona mabega yake yanalegea.

"Wewe mtoto," alisema shangazi kwa lugha yetu. "Toka hapo. Unamzibia mgeni jua. Ndiyo wanayokufundisha Iringa?"

Nikatoka. Jua likarudi mahali pake.

Ndipo baba naye alipouona ule wekundu. Alikuwa ameanza kuingia kwenye mada yenyewe, akieleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba shule ni jambo jema lakini kila jambo jema lina mwisho wake. Akamtazama usoni, akasita. Akageuka kwa shangazi, akauliza kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia chumvi iko wapi, "Huyu ana nini?"

Shangazi alipata kuwa yaya kwa Wazungu mjini Mbeya, mwaka mmoja na nusu, na katika familia yetu yeye ndiye anayeulizwa mambo yao yote.

"Amekasirika," alijibu.

"Mbona anatabasamu?"

"Hao hutabasamu. Usiangalie mdomo, angalia damu. Bwana niliyemlelea watoto, akikasirika damu ilimpanda usoni. Yeye alianzia masikioni. Huyu ameanzia puani."

"Puani ni afadhali?"

"Puani ni mbaya zaidi," alisema shangazi, ambaye hajawahi kushindwa kujibu swali.

Baba akanywa chai. Akasema, kwa Kiswahili, kwamba pengine si lazima mtoto aache shule mwezi huu. Pengine amalizie mwaka.

"Asante, Mzee," alisema Mwalimu. Mashavu yalikuwa yameshafuata pua.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu sehemu iliyobaki hainipendezi. Mpaka wakati ule nilinyamaza kwa haya. Haya ni ugonjwa wangu, sikuuomba. Lakini baba aliposema "amalizie mwaka", haya ilimaliza kazi yake, na kitu kingine kikaendelea kuniziba mdomo. Nilisimama mlangoni nikaanza kuhesabu. Pua na mashavu, darasa la tisa. Ikifika shingoni je?

Jua likapanda. Mwalimu akaeleza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama mstari wa rula, kwamba mimi ni mwanafunzi mzuri wa hesabu, na kwamba kunyamaza kwangu si upungufu wa akili. Paji la uso lilikuwa limeiva. Baba akasema anasikia. Akasema pengine la kumi nalo si baya.

Saa sita ikapita na jua likaanza kuvuka paa. Kivuli cha nyumba kikamshukia Mwalimu mabegani, na nikamwona anafumba macho kwa raha, kama mtu aliyewekewa mto. Shangazi naye aliona.

"Kivuli kimemfikia mgeni," alisema. Akaniita. "Njoo. Shika upande huo."

Mwalimu alisimama. Mimi na shangazi tukanyanyua kiti cha mchungaji, tukakipeleka hatua sita mbele, hadi katikati ya ua, ambako hapakuwa hata na kivuli cha kuku. Mwalimu alinitazama. Nami nilimtazama. Ni kitambo kifupi, lakini nakikumbuka kuliko siku nzima. Kisha akasema, "Asante," akakaa.

Tulikisogeza tena saa saba.

Ilipokaribia saa nane, masikio yake yalikuwa yanang'aa na shingo imekuwa ya rangi moja na udongo wa Iringa. Hakuweza tena kutabasamu, kwa sababu midomo ilikuwa imekauka. Baba, ambaye ameamua magomvi ya watu waliokuwa wameshikana mapanga bila kuinua sauti, alikuwa anatokwa jasho.

"Mwambie basi," alimnong'oneza shangazi. "Mwambie asome mpaka mwisho wao. Mpaka hilo la kumi na mbili. Aache tu kukasirika."

Shangazi akamwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Bibi, Mzee nasema, mtoto tasoma yote. Kwisha. Moyo yako ipoe."

"Asante," alisema Mwalimu, bila kutabasamu.

Baba aliona hatabasamu. Akaongeza jogoo.

Alitakiwa kuteremka saa tisa kwenda barabarani kungojea lori la misheni. Aliposimama, akashika mgongo wa kiti asianguke. Alikuwa anatetemeka. Shangazi na mama wakamwingiza ndani, wakamlaza kwenye kitanda cha baba, wakamfunika mablanketi matatu. Uso wake kwenye ule mto mweupe ulikuwa kama nyanya iliyosahauliwa shambani.

Shangazi alitoka na kutoa taarifa. "Hasira imegoma kutoka. Tumempa kila kitu, bado iko pale pale kwenye ngozi. Nitampaka mafuta ya nyonyo ya moto. Yataivuta."

Baba alikubali. Mama akachochea moto. Nikasikia mafuta yanaanza kulia kwenye sufuria ndogo, nikaingia chumbani kwa mgeni.

"Mwalimu," nikasema. Nilisema kwa kunong'ona, lakini nilisema. "Wanataka kukupaka mafuta. Ya moto."

Alifumbua macho kwa shida. Kope zilikuwa zimevimba. "Wamekuwa wakarimu sana," alisema. "Siwezi kuwakatalia."

Ndipo nilipomwelewa. Kule darasani nilidhani yeye ni mtu wa aina nyingine kabisa, kwa kuwa anasimama mbele ya wasichana arobaini na kusema bila kukauka koo. Kumbe ukimtoa kwenye ubao wake naye ni mwenye haya, kama mimi. Tulikuwa wawili tulioshindwa kuomba kivuli.

Shangazi akaingia na sufuria. Baba alikuwa nyuma yake, amesimama mlangoni. Shangazi akachovya kitambaa, ukatoka moshi.

Niliona mambo mawili kwa wakati mmoja, waziwazi kama hesabu ubaoni. Nikisema kwamba ni jua, baba atajua kwamba hakuna aliyemkasirikia, na yale madarasa yote aliyoyatoa, moja moja, kufuata rangi ya uso wa mtu, yatakuwa hayana msingi. Nikinyamaza, nitarudi Iringa. Na Mwalimu atapakwa mafuta ya moto juu ya ngozi iliyoungua, na atasema asante.

"Msimpake mafuta."

Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyoiagiza. Shangazi akageuka kuona nani ameingia.

"Si hasira," nikasema. "Ni jua. Jua limemuunguza. Mafuta yanafungia moto ndani. Anatakiwa maji ya baridi na kivuli."

"Jua?" alisema shangazi. "Jua gani? Hili la baridi? Juzi sakitu imeua maharage, wewe unasema jua limeunguza mtu?"

"Ngozi yake ni nyembamba. Alitufundisha mwenyewe. Na ule ukuta mweupe unarudisha jua, akapigwa mara mbili."

"Na bwana wangu, yule aliyekuwa anaanzia masikioni?"

"Sijui, Shangazi. Labda yeye alikasirika kweli. Au alitoka matembezini."

Shangazi akaweka sufuria chini. Nadhani alikuwa anapitia ule mwaka mmoja na nusu, siku kwa siku, akiona ni mara ngapi alikimbia jikoni bure.

Baba alikuwa bado amesimama pale mlangoni. "Kwa hiyo hakukasirika."

"Hapana, Baba."

"Tangu asubuhi."

"Hapana."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Saa nne."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Na kiti ukabeba."

"Ndiyo, Baba. Mara mbili."

Nilitegemea kupigwa. Baba akaenda kukaa juu ya sanduku la nguo, akafikiri, kama anavyofikiri watu wakimletea shauri la mpaka. Akasema polepole, "Neno langu nilimpa mtu aliyekasirika. Sasa naambiwa mtu huyo hakuwapo. Basi neno lile halikumfikia mtu."

Shule ikaisha pale pale, kwa sauti ya kuombea chumvi.

"Lete maji," akaniambia. "Kama unajua dawa, fanya."

Niliteka maji ya chemchemi, ya baridi hata vidole vikafa ganzi. Nilirarua shuka langu la shule vipande, nikaloweka, nikamfunika uso, shingo na mikono. Kipande kikipata joto nakitoa, naweka kingine. Shangazi alisema tunamwua, mtu anatetemeka halafu anafunikwa maji. Lakini nikampa kazi ya kumshikia kikombe anywe, na mtu mwenye kikombe mkononi hulalamika kidogo. Vikombe vitano. Baba alikaa pale kwenye sanduku akitutazama.

"Mwalimu wako alikuja kuniomba," alisema baadaye, bila kunitazama. "Wewe mwenyewe uliniomba lini?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Sijawahi."

"Basi omba. Leo umefunguka, kesho sijui."

Kitambaa kilikuwa mkononi, kinadondosha maji mguuni kwangu. Nikasema nataka kurudi Iringa. Akauliza kwa nini. Nikasema tumefika katikati ya kitabu cha aljebra, na nimechungulia mwishoni, kuna mambo ambayo siyaelewi hata kidogo, nataka kuyaelewa. Akasema hiyo ni sababu ya ajabu. Nikasema ndiyo niliyo nayo. Akasema, "Na huko kunyamaza?"

"Hapa nyumbani mnaongea haraka, Baba. Nikishapata neno langu, nyinyi mmeshafika mbali."

Kutoka chini ya kitambaa Mwalimu alitoa sauti ndogo. Alikuwa anajaribu kutocheka, maana kucheka kulimuuma.

"Kumbe anajua kuongea," alisema shangazi. "Ni heri tulipokuwa hatujui."

Baba akasema atajibu kesho, akaenda kufunga ng'ombe.

Asubuhi uso wa Mwalimu ulikuwa umevimba, na puani palikuwa na malengelenge mawili, ambayo shangazi aliomba ruhusa ya kuyatumbua, nikamnyima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumnyima mtu mzima kitu. Baba alikuja, akamtazama mgeni wake kwa muda mrefu, akamwomba msamaha. Mwalimu naye akamwomba msamaha kwa kuungua. Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa.

Kisha baba akanigeukia. "Mtu ameungulia kwangu. Siwezi kumrudisha barabarani peke yake kama mzigo. Utakwenda naye Iringa, utamtunza. Ngozi yake ikipona, utaniandikia, nami nitasema la kufanya."

Hakusema narudi shule. Alisema nakwenda kutunza pua.

Tuliondoka kwa lori, Mwalimu mbele kati yangu na dereva. Mama alimfunga kanga kichwani mpaka machoni, na shangazi, ambaye sasa aliamini habari za jua kuliko sisi wote, alimpa ungo wake mpya wa kupepetea ili ajikinge. Basi mwalimu wa sekondari alisafiri kutoka Mbeya hadi Iringa akiwa na ungo magotini, na kila barabara ilipopinda na jua likaingia kwa upande mwingine, aliuhamisha. Dereva alistahi, hakuuliza.

Tulipofika Chimala Mwalimu akasema, bila kugeuka, "Katika somo la afya nilikupa alama ngapi?"

"Tisini, Mwalimu."

"Nitazipunguza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulijua, na ulibeba kiti."

Nikamwambia ukweli, kwamba niliona baba anakubali, na kadiri alivyozidi kuwa mwekundu ndivyo baba alivyozidi kukubali, na mimi nikaacha. Nilijua sina haki ya kutegemea maneno mazuri, na sikuyapata. Alisema tu kwamba siku nyingine niseme, hata kama ni kwa kunong'ona, hata kama ni kwa barua. Alizipunguza kweli. Nina sabini.

Shuleni nilifungua daftari langu la kumbukumbu za kila siku, kuandika habari za likizo, nikakuta siku ile nimeandika mstari mmoja tu: Mwalimu alikuja. Hali ya hewa nzuri.

Baba nilimwandikia kila Jumamosi, kama alivyoagiza. Barua ya kwanza nilisema uvimbe umepungua lakini anapaka dawa ya rangi ya waridi kutoka zahanati, na hatoki nje mchana. Ya pili nilisema ngozi inabanduka puani na kwenye masikio. Ya tatu nilisema ngozi mpya imetokea, ila bado ni laini mno na haifai kuaminiwa. Shule ilikuwa imefunguliwa na nilikuwa naingia darasani kila siku, jambo ambalo sikuona sababu ya kulitaja, kwa kuwa hakuliuliza. Barua ya nne nilisema kwamba kwa mtazamo wa haraka mtu angeweza kudhani amepona, lakini mimi ninayemtazama kwa karibu naona pembeni mwa pua, upande wa kushoto, pana alama. Ilikuwa kweli. Kulikuwa na nukta moja ndogo.

Ya tano nilikuwa nimeianza, nikitafuta la kusema juu ya ile nukta, jibu la baba lilipofika. Mwandiko wake ni mkubwa, alijifunzia kanisani, na hapotezi wino. Alisema wote hawajambo. Alisema shangazi amehamishia kiti cha wageni chini ya mparachichi, na wageni wote sasa wanatetemeka. Kisha akaandika: Usiniletee tena habari za pua ya mtu. Mtihani ukiisha, niletee matokeo.